Wakitoka sare nani apewe? Mpira, bunge na tuzo wote wamekwama hapa

#1 HesabuKali (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Ukifungua habari, iwe ukurasa wa siasa, wa michezo au wa burudani, kesi inayorudi ni moja: wawili wamelingana na kombe ni moja. Mpira unapeleka watu kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. Bunge linamgeukia Spika. Tuzo zinagawa sanamu mbili. Kila upande unajiona umeipatia kuliko wenzake.

Dai langu: mkishapima kwa pointi, kwa mabao, kwa dakika, na bado mmelingana, basi kipimo kimeisha. Kuanzia hapo njia ya haki ni kura ya bahati tu. Karatasi mbili, bakuli moja. Mambo ya matuta na kuhesabu kadi za njano ni kutafuta tofauti mahali ambapo haipo.

Kombe la Dunia 1990, Kundi F. Ireland na Uholanzi walitoka sare mechi zote tatu, pointi tatu tatu, kila mmoja kafunga mawili na kufungwa mawili. Ikachezeshwa kura. Ireland wakawa wa pili wakapangiwa Romania, Uholanzi wa tatu wakapangiwa Ujerumani Magharibi. Hakuna aliyependelewa.

Nasubiri pingamizi.

#2 MlinziWaLango

Mkuu, malizia na mwisho wake. Uholanzi walipigwa 2-1 na Ujerumani Magharibi, ambao ndio waliobeba kombe. Ireland wakamtoa Romania kwa matuta wakaingia robo fainali. Karatasi moja imemtuma mmoja kwa bingwa na mwingine kwenye njia nyepesi, na hakuna mchezaji aliyegusa mpira kuamua hilo.

Halafu matuta usiyaite bahati. Yana utaratibu wake. Refa anarusha shilingi mara mbili: ya kwanza kuchagua goli, ya pili anayeshinda anachagua kuanza au kufuata. Wanaoruhusiwa kupiga ni waliokuwa mchezoni filimbi ya mwisho ilipolia, aliyetolewa dakika ya 118 anabaki kushangilia. Timu moja ikiwa pungufu kwa kadi nyekundu, nyingine inapunguza watu wake idadi ilingane, kwa hiyo kocha anamweka pembeni mpigaji wake dhaifu kuliko wote. Watu wengi hawaijui hiyo, na ni faida kubwa mkifika mpigaji wa tisa.

Kipa naye, mpira unapopigwa, sehemu ya mguu mmoja lazima iwe juu ya mstari, sambamba nao au nyuma yake. Akitangulia na kuokoa, mkwaju unarudiwa. Kosa la kwanza anaonywa, la pili njano. Mpira ukipaa wenyewe au ukigonga mwamba, haurudiwi, isipokuwa iwe wazi kwamba kutangulia kwake ndiko kulikomharibia mpigaji. Kazi yote hiyo mnaiita bahati?

#3 KamusiHai

Nimekuja kwa ajili ya neno, siyo mpira.

HesabuKali ana mtetezi ndani ya lugha yetu. Neno "kura" limetoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ileile ya bakuli na karatasi. "Kupiga kura" kulikuwa kuiachia bahati iamue. Ndiyo maana kwenye Biblia askari wanalipigia kura vazi, na mitume wanapiga kura kumpata Mathiya, na hakuna aliyehesabu wapiga kura pale. Uchaguzi umekuja baadaye ukaazima neno. Kwa hiyo mtu anayesema "kura ya bahati" anasema kitu kimoja mara mbili.

Na nyongeza: mabao yakilingana 2-2 ni sare, ikiisha 0-0 ni suluhu. Watangazaji wazuri wanazitenganisha. Mliozoea kuandika "suluhu ya 1-1" mniache nipumzike.

#4 Bi_Ukumbi

Asante KamusiHai, hiyo ya Mathiya imeingia.

Kwenye burudani sare kubwa kuliko zote ni Eurovision 1969, Madrid, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa, pointi 18 kila mmoja. Wanne! Kanuni ya kuvunja sare haikuwepo kabisa, wote wanne wakatangazwa washindi. Mwaka uliofuata Norway, Uswidi, Finland, Ureno na Austria hazikushiriki, hasira ya matokeo hayo ikiwa sehemu ya sababu.

Ndipo wakaandika kanuni. Ikaja kufanya kazi 1991, Rome. Carola wa Uswidi na Amina wa Ufaransa wamefika 146 kwa 146. Hatua ya kwanza: nani kapata 12 nyingi (ndiyo alama ya juu kabisa ambayo nchi inaweza kutoa)? Nne kwa nne. Hatua ya pili: nani kapata 10 nyingi (alama inayofuata)? Carola tano, Amina mbili. Uswidi ikabeba. Hakuna bakuli, hakuna shilingi. Unarudi kwenye kura zilezile zilizopigwa unazisoma kwa jicho lingine. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea: tofauti ipo, ila mmeipitia haraka.

#5 HesabuKali

Bi_Ukumbi, hapo ndipo ninapowapinga. Nani kasema 10 nyingi ni bora? Wakiwa na jumla sawa na 12 sawa, aliye na 10 chache lazima amezikusanya kwengine, pengine amependwa kidogo kidogo na wengi zaidi. Kanuni inayohesabu "nchi ngapi zimempa chochote" inaweza kumpa mwenzake. Zote mbili zina mantiki. Aliyechagua moja amechagua mshindi bila kujua.

MlinziWaLango, umetaja shilingi mara mbili ndani ya matuta yako. Utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta timu inayoanza kupiga ilishinda kama asilimia 60 ya matuta. Shilingi ikiamua nani anaanza, na anayeanza ana asilimia 60, basi mmerudi kwenye bakuli langu kwa mlango wa nyuma.

#6 MlinziWaLango

Nilijua utaileta hiyo. Tafiti zilizofuata, zilizokusanya matuta mengi zaidi, ziliikuta faida hiyo ndogo sana au haionekani. Hata hivyo watunga sheria waliichukulia kwa uzito. 2017 wakaanza kujaribu mpangilio wa A, B, B, A, A, B, kama tenisi inavyobadilishana kuanzisha kwenye taibreka. Novemba 2018 wakauacha, kwa sababu uligeuka mgumu kufuatilia na haukukubalika vizuri.

Kwa hiyo kasoro ilionekana, dawa ikapatikana, na wenyewe wakaona dawa chungu kuliko ugonjwa.

#7 KitiChaMbele

Naomba nishike upande wa siasa, naona mmeuacha.

Bungeni sare ina uzuri mmoja: pale kuna kitu tayari kipo. Sheria ya zamani ipo, inaendelea kufanya kazi. Uingereza kwa kawaida Spika hapigi kura, ila zikilingana lazima apige, na hapigi kwa moyo wake. Anafuata desturi ya Spika Denison wa 1867: kama mjadala unaweza kuendelea, upe nafasi uendelee, kama ni uamuzi wa mwisho, usiunde wingi ambao haukuwepo, acha mambo yalivyo. Tarehe 3 Aprili 2019 kura zililingana 310 kwa 310 katika mjadala wa Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya), Spika Bercow akapiga ya hapana kwa desturi hiyohiyo.

Marekani ni kinyume. Makamu wa Rais ndiye anayevunja sare ya Seneti na anapiga kama mtu wa chama chake. Kamala Harris alivunja sare 33, akampita John C. Calhoun wa karne ya 19 aliyekuwa na 31.

Mpira hauwezi kuiga Denison, kwa sababu kwenye fainali hakuna "mambo yalivyo". Labda bingwa mtetezi abaki na kombe lake.

#8 Chenga_Mbili

Bingwa mtetezi abaki na kombe! KitiChaMbele, wewe usipewe ligi yoyote. Mtetezi atapaki basi dakika 120.

#9 KitiChaMbele

Ndondi inafanya hivyohivyo miaka yote. Pambano la ubingwa likiisha sare, mkanda unabaki kwa mwenye nao. Na mabondia watetezi hawakimbii ulingoni, maana jaji wa pembeni hahesabu sare kwa kuomba, anahesabu raundi moja moja.

#10 Mtaalamu_wa_Kona

Ngojeni. Kabla ya kufika kwenye bakuli au matuta kuna ngazi za katikati, na ugomvi mkubwa wa dunia uko huko. Swali ni moja: pointi zikilingana, uanze na tofauti ya mabao au uanze na matokeo ya wao kwa wao?

Hispania wanaanza na wao kwa wao. Msimu wa 2006/07 Real Madrid na Barcelona walimaliza na pointi 76 kila mmoja. Barcelona tofauti ya mabao +45, Real +26. Bingwa Real, kwa sababu walishinda 2-0 kwao na kutoka 3-3 Camp Nou. Uingereza kwa hesabu yao Barcelona wangebeba, tena kwa mbali.

Uingereza wanaanza na tofauti ya mabao. 1989 Arsenal na Liverpool, pointi 76 na +37 kwa kila mmoja, Arsenal mabao 73, Liverpool 65. Ile 2-0 ya Arsenal nyumbani kwa Liverpool, Anfield, tarehe 26 Mei, bao la pili likifungwa na Michael Thomas dakika za nyongeza, ndiyo iliyolinganisha tofauti. Ingeisha 1-0 Liverpool bingwa.

Kabla ya msimu wa 1976/77 walikuwa hawatoi, walikuwa wanagawanya: mabao ya kufunga kwa ya kufungwa. Angalia inavyoharibu: mwenye 30 kwa 10 anapata 3.0, mwenye 60 kwa 30 anapata 2.0. Wa pili ana +30 dhidi ya +20 lakini yuko chini. Kufungwa bao moja kulikuwa kunauma kuliko kufunga mawili kunavyofurahisha, timu zikajifungia nyuma. Kanuni ya sare inaanza kufanya kazi mechi ya kwanza ya msimu, haisubiri mwisho.

#11 Dada_Pembeni

Post #10 ibandikwe ukutani.

Naongeza ubaya wa wao kwa wao: unafanya mechi nyingine ziwe bure. Euro 2004, Italia, Denmark na Uswidi wote pointi tano. Denmark na Uswidi wamekutana mwisho wakijua wakitoka 2-2 wanapita wote na Italia anatoka. Wakatoka 2-2 kweli. Kwa tofauti ya mabao Italia ingepita.

#12 Mtaalamu_wa_Kona

Dada_Pembeni, sehemu ya mwisho siyo. Tupige hesabu.

Uswidi: 5-0 kwa Bulgaria, 1-1 na Italia, 2-2. Mabao 8 kwa 3, +5.
Denmark: 0-0 na Italia, 2-0 kwa Bulgaria, 2-2. Mabao 4 kwa 2, +2.
Italia: 0-0, 1-1, 2-1 kwa Bulgaria. Mabao 3 kwa 2, +1.

Italia anatoka kwa kanuni yoyote ile. Tofauti iko kwingine. Kwa wao kwa wao, hata Italia wangempiga Bulgaria saba, 2-2 ya wenzao ingewatoa vilevile. Kwa tofauti ya mabao walikuwa na kitu cha kufanya: ushindi wa 4-1 ungewapa +3 na wangempita Denmark. Hapo ndipo penye kosa la kanuni hiyo, inamtoa mtu uwanjani huku bado anacheza.

#13 Dada_Pembeni

Nimekubali, asante. Kwa hiyo Italia waliponzwa na ubutu wao pia.

#14 Simba_wa_Teranga_

Hamjafika kwenye kadi? Nilikuwa nasubiri.

Urusi 2018, Kundi H. Senegal na Japani: pointi nne nne, mabao manne kwa manne, wao kwa wao 2-2. Ikahesabiwa nidhamu. Njano inatoa pointi moja, njano mbili zilizozaa nyekundu zinatoa tatu, nyekundu ya moja kwa moja nne, njano ikifuatwa na nyekundu ya moja kwa moja tano. Japani njano nne, Senegal sita. Senegal nje, timu ya kwanza kutolewa hivyo kwenye Kombe la Dunia.

Kinachouma ni dakika kumi za mwisho. Japani wako nyuma 1-0 kwa Poland, wamepata habari kwamba Colombia anaongoza 1-0 kwa Senegal, wakaanza kupasiana mpira nyuma. Timu inayofungwa inalinda kufungwa kwake! Kanuni ya kumtuza muungwana imezaa mchezo usio wa kiungwana kuliko wote kwenye kundi.

HesabuKali, hapa niko na wewe. Bora bakuli.

#15 Refa_wa_Kamba

Simba, pole, ile bado mbichi. Ila kadi za njano zina tatizo jingine: anayezitoa ni refa, na marefa hawapimi sawa. Mmoja anatoa njano kwa kuvuta jezi, mwingine anaita kwa kidole. Timu mbili zilizochezeshwa na marefa tofauti zinalinganishwa kwa kipimo ambacho hakikuwa kimoja. Mabao hayana shida hiyo, mstari wa goli ni uleule.

#16 HesabuKali

Karibu Simba. Na ninyi mna kumbukumbu nzuri ya bakuli barani kwetu: AFCON 2015, Kundi D. Guinea na Mali, sare tatu kila mmoja, zote 1-1. Kura ikachezeshwa tarehe 29 Januari, Guinea wakapita. Wakapigwa 3-0 na Ghana robo fainali, lakini hakuna hata mmoja aliyelinda kipigo kwa kupasiana nyuma.

#17 Chenga_Mbili

Maana walikuwa hawajui karatasi inasemaje. Huo ndio ubora pekee wa bakuli ninaoukubali, haliwezi kuchezewa dakika ya 80.

AFCON hiyohiyo ya 2015 ndiyo inayonifanya nibaki kwa MlinziWaLango. Fainali, Ivory Coast na Ghana, suluhu (KamusiHai umeona?), matuta. Ivory Coast wanakosa mbili za mwanzo, Ghana anaongoza 2-0. Ikarudi mpaka wapigaji wote kumi wa kila upande wakaisha, wakabaki makipa. Boubacar Barry kaokoa la kipa mwenzake, kisha yeye mwenyewe kaweka mpira kwenye nukta kafunga. 9-8. Ungenunua tiketi uje kutazama karatasi?

#18 Bi_Ukumbi

Chenga_Mbili umeleta jambo la maana bila kukusudia: mnapima haki au mnapima utamu? Maana kwa utamu siyo burudani pekee, hata mpira na siasa vinauza tiketi.

#19 Ngazi_ya_Juu

Kwa waruka juu wenzangu, mbona hamjagusa riadha? Pale ngazi zimepangwa vizuri kuliko mpira.

Mkiishia urefu mmoja: kwanza anaangaliwa nani alikosa mara chache kwenye urefu huo wa mwisho mliovuka. Bado sawa, nani alikosa mara chache tangu mwanzo. Bado sawa na ni nafasi ya kwanza, mnaruka kuamua. Mnaanza na urefu unaofuata ule mliovuka, jaribio moja moja. Wote wakikosa, upau unashuka sentimita mbili. Wote wakivuka, unapanda mbili. Mpaka mmoja avuke na mwenzake akose.

Tokyo, 1 Agosti 2021: Barshim wa Qatar na Tamberi wa Italia, wote 2.37 bila kosa hata moja njiani, wote wamekosa 2.39 mara tatu. Ofisa kaja kuwaeleza utaratibu wa kuruka kuamua, Barshim akauliza kama wanaweza kupewa dhahabu mbili. Inawezekana. Wakakumbatiana. Paris 2024 Hamish Kerr wa New Zealand na Shelby McEwen wa Marekani wamefika hapohapo kwa 2.36, wao wakachagua kuruka. Upau ukashushwa mpaka 2.34, Kerr akavuka, McEwen akabaki na fedha.

Mpaka leo watu wanabishana nani alifanya sawa. Mimi nasema wote, kwa sababu waliulizwa wenyewe. Kwenye mpira nani aliwahi kuwauliza manahodha?

#20 MlinziWaLango

Nahodha mmoja aliulizwa: "upande gani?" Euro 1968, nusu fainali, Italia na Muungano wa Kisovieti, suluhu baada ya dakika 120. Ikarushwa sarafu, Giacinto Facchetti akachagua upande ukalala wake, Italia wakaenda fainali wakachukua kombe. Mambo ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa matuta, yakaingizwa kwenye sheria 1970. Dunia ilishalijaribu wazo la HesabuKali ikalikimbia.

#21 KitiChaMbele

Siasa haijalikimbia. Virginia, Marekani, uchaguzi wa Novemba 2017, kiti cha wilaya ya 94 cha baraza la wawakilishi la jimbo: kura 11,608 kwa 11,608. Sare yenyewe ilipatikana kwa karatasi moja ambayo mpiga kura alijaza viduara vyote viwili kisha akapiga mstari kwenye kimoja. Ilibishaniwa mpaka mahakamani. Tarehe 4 Januari 2018 majina yakawekwa kwenye vikopo viwili vya filamu ya kamera, vikopo vikatiwa ndani ya bakuli la udongo, kikachotwa kimoja. David Yancey wa Republican akapata kiti, na chama chake kikabaki na wingi wa 51 kwa 49. Bakuli moja limeamua nani ashike baraza zima.

Angalieni vile vikopo. Karatasi tupu inayokunjwa huacha alama, mkono unaweza kuitambua. Vikopo vinavyofanana vinaondoa hilo. Aliyekunja asiwe anayechota, na baada ya kuchota kile cha pili kifunguliwe pia mbele ya watu, wathibitishe kwamba hakina jina lilelile. Watu wengi wanasahau hatua hiyo ya mwisho, na ndiyo inayozima maneno.

#22 Pwani_Historia

KitiChaMbele, kuna dawa ya sare ambayo hamjaitaja: usiruhusu itokee. Uswidi uchaguzi wa 1973 ulizaa bunge la viti 350, kambi mbili 175 kwa 175. Kura kadhaa ziliamuliwa kwa bahati nasibu ndani ya bunge. Uchaguzi uliofuata viti vikawa 349, mpaka leo.

Na Zanzibar ilitangulia. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22 na vyama vitatu: ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku mmoja kule, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, na kiti kikaongezwa vikawa 23.

#23 Mtaalamu_wa_Kona

Namba witiri inasaidia kama wote wapo na wote wanapiga. Mmoja akiugua au akikaa kando, 349 inakuwa 348 na sare imerudi.

#24 Pwani_Historia

Kweli. Uswidi mbunge asipokuwepo ana mbadala wake. Huo ndio ufunguo wa pili, na bila huo wa kwanza haufungui.

#25 Kuogelea_Tu

Nami nina dawa iliyo kinyume: ikubali. Rio 2016, mita 100 kipepeo, Joseph Schooling dhahabu kwa 50.39. Fedha wamepewa watatu: Phelps, le Clos na Cseh, wote 51.14. Mashine inaweza kusoma elfu moja ya sekunde lakini haitumiki, na sababu ni ya kifundi. Munich 1972 Gunnar Larsson alimshinda Tim McKee kwa sekunde 0.002. Kwa kasi ya mita mbili kwa sekunde, 0.002 ni milimita nne. Hakuna fundi anayejenga ukuta wa bwawa la mita 50 kwa usawa huo kwenye kila mstari, kwa hiyo huenda aliyeshindwa aliogelea zaidi. Wakarudi kwenye sehemu ya mia.

Hapo HesabuKali yuko sahihi kwa nusu: kipimo kina mwisho. Ila baada ya mwisho wake siyo lazima uite bakuli. Toa medali mbili.

#26 Bi_Ukumbi

Kama Oscar ya 1969, Katharine Hepburn na Barbra Streisand, mwigizaji bora wa kike, kura sawasawa, sanamu mbili. Sherehe ya 1932 ilikuwa tofauti: Fredric March alimzidi Wallace Beery kwa kura moja, lakini kanuni ya wakati ule ilihesabu tofauti ndogo kiasi hicho kuwa sare, wote wakapewa. Naipenda kanuni hiyo ya zamani. Kura moja kati ya mamia ni kama ile milimita ya bwawa.

#27 HesabuKali

Nimesogea hatua moja. Nakubali: zawadi inayogawika igawiwe. Dhahabu mbili, sanamu mbili. Kisichogawika, kiti cha bunge au nafasi ya robo fainali, bakuli.

#28 MlinziWaLango

Nafasi ya robo fainali ikiwa wawili wako uwanjani palepale, matuta. Hapo sisogei.

#29 Refa_wa_Kamba

Haya, tuseme bakuli au shilingi. Jueni basi kwamba shilingi nayo haijanyooka. Kuna utafiti wa 2023 uliorusha sarafu mara 350,757 ukakuta inalala upande ule ulioanza juu kwa asilimia 50.8 hivi. Kwa hiyo anayerusha aifunike kabla ya mtu kuchagua upande, asionyeshe upi uko juu.

Ukitaka iliyonyooka kabisa hata kwa sarafu iliyopinda: rusha mara mbili. Kichwa kisha mgongo, A. Mgongo kisha kichwa, B. Zikifanana, futa rusha tena mbili. Ubovu wa sarafu unajifuta wenyewe kwa sababu mipangilio yote miwili ina uwezekano uleule.

#30 Dada_Pembeni

Na wakiwa watatu? A kampiga B 1-0, B kampiga C 1-0, C kampiga A 1-0. Wao kwa wao haisaidii, mabao hayasaidii. Kwa shilingi moja, rusha mbili: kichwa kichwa ni A, kichwa mgongo ni B, mgongo kichwa ni C, mgongo mgongo rudia. Sawa?

#31 Refa_wa_Kamba

Sawa kwa sarafu nzuri tu. Ikiwa inaegemea kichwa, A anapata zaidi, maana kichwa kichwa na kichwa mgongo hazina uzito sawa tena. Kwa watatu chukua vikopo vitatu vya KitiChaMbele.